Haki yako chuoni iko kwenye karatasi: mwongozo kwa wanafunzi wa Unguja na Pemba

Assalaam alaykum wadogo zangu. Hii naiandika kwa wale wanaoanza chuo mwaka huu, iwe uko Tunguu au Vuga, Nkrumah au Mbweni, Chukwani au kule Mchangamdogo Pemba, na hata kwa wale wa mwaka wa pili ambao mpaka leo hawajui ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ni mlango gani. Miaka yangu ya chuo nlikuwemo kwenye serikali ya wanafunzi, kazi yetu kubwa ilikuwa kupokea malalamiko, na kitu kimoja kilikuwa kikijirudia kila semista: mtu haki anayo, tena ya wazi kabisa, ila hana karatasi. Matokeo hayaonekani, "nshamwambia lekchara kwa mdomo". Ada kalipa lakini mfumo unasema anadaiwa, "risiti ilikuwepo, sjui imekwenda wapi". Kaitwa kwenye kesi ya nidhamu, "walinipigia simu tu wakanambia njoo". Sasa hapo hata kiongozi wako awe mkali namna gani, atakwenda ofisini na kitu gani mkononi?

Kwa hiyo humu ntachanganya haki na wajibu pamoja, maana chuoni hivi vitu vimeshonana, mara nyingi haki inapotea kwa sababu kuna jambo dogo mwenyewe alitakiwa alifanye wiki tatu nyuma na hakulifanya.

Anza na makaratasi matatu

Skuli ulizoea mwalimu mkuu akisema basi imekwisha. Chuo kikuu hakiendi hivyo, au tuseme hakitakiwi kwenda hivyo. Kila chuo kina sheria au hati iliyokianzisha. SUZA ilianzishwa kwa Sheria namba 8 ya mwaka 1999 na ikaanza kusomesha 2001, Zanzibar University pale Tunguu ni cha binafsi na kipo tokea 1998. Vyote hivi vinasimamiwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo inafanya kazi chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005. Na juu ya yote ipo Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12 kinasema watu wote ni sawa mbele ya sheria na mtu ana haki ya kusikilizwa kabla hajaamuliwa. Hili la kusikilizwa lishike, tutalirudia kwenye nidhamu.

Lakini kwa maisha ya kila siku unahitaji makaratasi matatu tu: prospektasi ya mwaka wako, kanuni za mitihani, na kanuni za wanafunzi (ile ya maadili na nidhamu). Zishushe kwenye simu siku ya kwanza, zote huwa pidiefu. Hakuna anayekwambia uzisome kama riwaya, unatafuta neno tu: "rufaa", "kuahirisha", "mahudhurio", "adhabu". Kama kanuni zimeandikwa Kiingereza na Kiingereza chako bado kizito, kaa na mwenzako mzisome pamoja, ni jioni moja tu. Shikilia toleo la mwaka ulioingia wewe, kwa sababu kanuni hubadilishwa, na mara nyengine mabadiliko yanawahusu wanaoingia nyuma yako na sio wewe.

Na kabla hata ya kulipa senti, angalia kama hiyo kozi uliyochaguliwa imeidhinishwa na TCU. Kusema chuo kinatambulika haitoshi, kozi yenyewe ndio iwe imethibitishwa. Hii ni haki yako kuulizia na usione haya, wewe ndie utakaebeba hicho cheti miaka yote.

Usajili, na hili suala la majina

Wajibu wa mwanzo kabisa ni kujisajili kwa wakati. Usipojisajili mfumo haukujui, usipojulikana huna maksi, hata kama ulikaa darasani semista nzima mbele kabisa. Na kujisajili si mara moja, ni kila semista, na kozi zako zote uzithibitishe moja moja pamoja na zile za kuchagua. Ukimaliza piga skrinshoti, au bora zaidi uiprinti.

Sasa majina. Kwetu huku hili ni janga. Cheti cha kuzaliwa kimeandika Mohammed, cha fomu foo Mohamed, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi Muhammed, na fomu ya chuo aliijazia binamu yako stesheni (duka la kuprinti na kutoa kopi) kwa haraka akaandika Mohd. Mwengine kidato cha nne alikuwa Hamis, kwao ni Khamis. Chuo kitafata jina la cheti ulichoombea, kwa hiyo andika herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne hata kama unalichukia. Kama vyeti vyenyewe vinagombana, nenda kwa wakili ukaandikishe hati ya kiapo mapema, mwaka wa mwanzo, usisubiri wiki ya mahafali ndio unakimbilia.

Darasani unadai nini na unadaiwa nini

Wiki za mwanzo kila lekchara anatakiwa awape muhtasari wa kozi: mada gani, vitabu gani, tesiti ngapi, asaimenti ngapi, kila kimoja kina maksi ngapi. Mkipewa, huo ni mkataba wenu. Kama muhtasari umeandika tesiti mbili za maksi 15 na asaimenti ya maksi 10, haiwezi mwisho wa semista ikageuka kuwa tesiti moja ya 40 bila ya kuwaeleza. Kama hamkupewa, mwakilishi wa darasa auombe kwa adabu, kwa imeili, ili ombi libaki.

Upande wako. Vyuo vingi vinataka mahudhurio yasipungue asilimia 75, chini ya hapo unaweza kuzuiwa mtihani. Watu wanaifanyia mzaha hii, mtu anasainiwa na rafiki yake, na siku wakihesabu vichwa wanamkosa. Kumsainia mwenzako nalo ni kosa, mnaingia wote wawili. Na hii hesabu ya krediti ujue maana yake: krediti moja ni saa 10 za kazi, sio za kukaa darasani tu, ni pamoja na kusoma peke yako. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Shahada ya miaka mitatu si chini ya krediti 360. Ukiiona hivyo utaelewa kwa nini anaesoma usiku wa kuamkia tesiti tu anaona chuo kigumu.

Lekchara asipofika je? Inatokea, tusidanganyane. Kinachofanya kazi ni hichi: mwakilishi anaweka daftari dogo, tarehe, saa, mada, alikuja au hakuja, alitoa taarifa au hakutoa. Zikifika tatu nne, mwende kwanza kwa lekchara mwenyewe, pengine mtu anauguza, pengine ratiba imegongana na kule Pemba anakosomesha pia. Isiposaidia, barua kwa mkuu wa idara na hiyo orodha ya tarehe ndani yake. Barua inayosema "lekchara haji kabisa" itajibiwa "si kweli, wiki iliyopita alikuja". Barua yenye tarehe nne ni ngumu kuijibu.

Na zile fomu za kumtathmini lekchara mwisho wa semista, zijaze. Najua mnaona kazi bure, lakini zinasomwa zaidi kuliko mnavyodhani, na hazina jina lako.

Maksi zikipotea

Hapa ndio penye vilio, kwa hiyo ntakaa kidogo.

Matokeo yakitoka usiangalie tu kama umefaulu. Angalia kozi weki (maksi za tesiti na asaimenti) na mtihani wa mwisho mbalimbali, linganisha na makaratasi yako ya tesiti. Vyuo vingi kozi weki ni 40 na mtihani ni 60, au karibu na hapo. Maksi sita zikikosekana utajiambia "si kitu, nimepasi", lakini GPA, yaani wastani wa masomo yako yote, inahesabika kwa pointi: 4.4 kwenda juu ni daraja la kwanza, 3.5 mpaka 4.3 ni la pili la juu, 2.7 mpaka 3.4 la pili la chini, 2.0 mpaka 2.6 ni pasi. Watu wanakosa kazi na skolashipu kwa 3.4, na ndani ya hiyo 3.4 kuna tesiti ya mwaka wa pili ambayo maksi zake hazikuwahi kuingizwa.

Kwa hiyo kila karatasi ya tesiti iliyosahihishwa usiitupe mpaka umevaa joho. Weka faili moja la plastiki, na piga picha uzihifadhi pia kwenye imeili, maana simu zinaibiwa na faili linaweza kulowa siku ya masika umo ndani ya gari ya Tunguu dirisha halifungi. Asaimenti ukituma kwa imeili, ile imeili ndio ushahidi. Ukikabidhi mkononi, kuwe na orodha ya kusaini, na kama hakuna, mwakilishi aianzishe.

Ikiwa kuna tatizo, ngazi ni hizi: lekchara wa kozi, halafu mkuu wa idara, halafu mkuu wa skuli au kitivo, na rufaa ya mtihani wenyewe huenda kwenye vyombo vya juu vya chuo mpaka Seneti. Usiruke ngazi. Ukienda moja kwa moja kwa Makamu Mkuu wa Chuo barua itarudishwa chini, na njiani utapoteza siku, na siku ndio kila kitu hapa kwa sababu rufaa ina muda wake, mara nyingi ni wiki chache tu toka matokeo kutangazwa. Baadhi ya vyuo wanatoza pesa ya kusahihishiwa upya, na ukionekana una haki wanakurejeshea. Soma kanuni zako ujue ni kiasi gani na mwisho lini.

Barua yenyewe isiwe shairi. Iandike namna hii:

"Mimi ni (jina kamili, namba ya usajili), mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya (…). Matokeo ya semista ya kwanza yaliyotolewa tarehe (…) yanaonesha sina maksi za kazi za darasani katika kozi ya (…). Nilifanya tesiti mbili tarehe (…) na (…), na asaimenti niliikabidhi tarehe (…). Nimeambatanisha nakala za tesiti zilizosahihishwa na orodha ya waliokabidhi. Naomba kumbukumbu zangu zikaguliwe na nipatiwe jibu kwa maandishi."

Imekwisha. Usitie kwamba mama yako ni mjane, usitie kwamba lekchara ana chuki na wewe. Printi mbili, moja unawaachia, nyengine wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ule muhuri msimwachie mtu akwambie "weka tu hapo mezani, ntamfikishia". Simama hapo hapo, cheka nae, mwambie "dada yangu nisaidie tu muhuri", mpaka agonge.

Ukipata sapu (mtihani wa marudio) si mwisho wa dunia, ifanye. Kari (kozi uliyofeli ukaibeba kuirudia mbele) vilevile, ila kari zikijaa ndio njia ya kwendea disko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kwa hiyo ukiona mambo yameanza kuharibika kaa na mshauri wako wa masomo mapema. Kila mwanafunzi hupangiwa mmoja, na wengi wanamaliza chuo hawajawahi kumuona uso.

Chumba cha mtihani

Kitambulisho, kadi ya mtihani, kalamu. Simu iache nje, hata ikiwa imezimwa, maana kukutwa nayo tu ni kosa huku wewe unajitetea "sikuitumia". Vikaratasi, maandishi mkononi, kunong'ona, vyote hivyo adhabu yake inaweza kuwa kufutiwa kozi au kufukuzwa kabisa.

Dada zangu mnaovaa nikabu: chuo kina haki ya kujua aliekaa pale ni wewe, na wewe una haki ya kuomba ukaguliwe na msimamizi mwanamke, pembeni. Waambie wasimamizi kabla hamjaingia, sio wakati karatasi zishagaiwa. Mwenye ulemavu, asieona vizuri au mkono hauandiki haraka, omba muda wa ziada au karatasi ya maandishi makubwa tokea mwanzo wa semista, kwa barua, ukiambatanisha cheti cha daktari. Sio hisani hiyo ni haki, lakini haki ya namna hii inahitaji maandalizi, siku ya mtihani asubuhi hawawezi kukutengenezea.

Ukiumwa siku ya mtihani usiingie kishujaa ukaandika robo karatasi. Nenda hospitali, pata cheti, na taarifa ifike chuoni haraka. Ukishaingia ukafanya, ni vigumu sana baadae kusema ulikuwa unaumwa.

Kukopi, na hizi ChatGPT

Nasema kwa ufupi. Kazi ya mtu ukiitia jina lako ni wizi wa kitaaluma, iwe umeitoa mtandaoni, kwa kaka yako aliemaliza, au stesheni moja wapo wanaouza risachi zilizokwisha fanywa. Programu kama Turnitin zinalinganisha maandishi, na hata zisipokukamata, siku ya kuitetea utaulizwa swali moja la sampuli yako uliipata vipi na utatoa macho. ChatGPT ulizia msimamo wa chuo chako na wa lekchara wako, wengine wanaruhusu kwa kusahihisha lugha, wengine hawataki kabisa. Mie kwa maoni yangu ukiitumia kukufahamisha jambo ni sawa, ukiitumia kukuandikia umejidhulumu ada yako.

Kwenye risachi kuna wajibu mwengine watu wanausahau: unaowahoji nao wana haki zao. Waombe ridhaa, usitaje majina yao, na kama utafiti ni wa mambo ya afya unahitaji kibali cha maadili, hapa kwetu kinapitia ZAHRI, Taasisi ya Utafiti wa Afya. Na ukienda kijijini Makangale au Kizimkazi, pita kwa sheha (kiongozi wa serikali wa shehia) kwanza na barua ya chuo, la sivyo hutohojiana na mtu.

Ukiitwa kwenye nidhamu

Tulia kwanza. Kuitwa sio kuhukumiwa. Una haki ya kuambiwa kosa lako kwa maandishi, kifungu gani cha kanuni unadaiwa kukivunja, upewe muda wa kujiandaa, usikilizwe, ulete mashahidi, na ukiadhibiwa upewe uamuzi kwa maandishi na uambiwe rufaa unakata wapi. Mtu aliekushitaki hatakiwi awe ndie anaekuhukumu. Ukiitwa kwa simu, jibu vizuri, sema "sawa mwalimu, ntakuja, naomba nipatiwe barua". Usisaini maelezo ambayo hujayasoma, na ukiambiwa saini haraka, andika pembeni tarehe na saa.

Wajibu wako ni kufika. Asiefika anaamuliwa bila ya kuwepo, na akija baadae analia kwamba hakusikilizwa anaambiwa uliitwa. Na usiende ukiwa na hasira za grupu zima kichwani mwako.

Ikiwa njia zote za ndani umezimaliza na bado unaona umeonewa, hapo ndio unafikiria TCU, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, au mahakama. Mahakama itakuuliza kwanza kama rufaa ya chuo ulikata, kwa hiyo tunarudi pale pale kwenye karatasi zenye muhuri. Kwa asie na pesa za wakili kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kipo tokea 1992, wanatoa ushauri bure na Pemba wana ofisi Chake Chake.

Anaetaka rushwa, hasa ile ya ngono

Mtu yeyote chuoni akikutaka kimwili ili akupe maksi, chumba, au sahihi, hiyo ni rushwa na ni kosa la jinai, sio "mambo ya wakubwa". Hufungwi na heshima ya ualimu hapo. Usizifute meseji zake hata kama zinakutia kichefuchefu, zihifadhi na umtumie pia mtu mmoja unaemuamini. Usikubali kwenda kukutana nae peke yako nyumbani wala hotelini, hata kwa kusema unakwenda kumrekodi, hiyo mitego waachie wenye kazi yao. Kwa Zanzibar wenye kazi yao ni ZAECA, Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi. Ndani ya chuo kuna Mshauri wa Wanafunzi na dawati la jinsia, na kama humuamini mmoja nenda kwa mwengine, huna sharti la kuanza na mtu anaekunywa chai kila siku na huyo mshitakiwa.

Ikiwa imefika kwenye kubakwa au kushikwa kwa nguvu, Kituo cha Mkono kwa Mkono kipo hospitali ya Mnazi Mmoja na vituo kama hivyo vipo Pemba pia, daktari, polisi na mshauri nasaha unawapata hapo hapo. Nenda mapema sana, dawa za kukinga virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na nguo ulizokuwa nazo usizifue.

Hili linawahusu na vijana wa kiume. Na linawahusu pia wanafunzi wanaojipeleka wenyewe na bahasha, maana mtoaji na mpokeaji wote wana kesi.

Ada, mkopo, chumba

Ada lipa kwa kontroli namba tu, benki au kwa simu. Mtu akikwambia nipe kesh nikulipie mimi nna mtu ofisini, mkimbie. Huna zote? Vyuo vingi wanaruhusu awamu, lakini lazima uandike barua kabla ya tarehe ya mwisho, ueleze utalipa ngapi na lini. Chuo kinaweza kukuzuia mtihani kwa ada, na hapa hakuna kiongozi wa wanafunzi atakaeweza kukutoa kama hukusema kitu mpaka asubuhi ya mtihani.

Mkopo: Wazanzibari tuna Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, ipo tokea 2011, na ile ya Muungano, HESLB, iliyoundwa kwa Sheria namba 9 ya 2004. Una haki ya kujua umepangiwa kiasi gani na kwa ajili ya nini, na ukinyimwa kukata rufaa dirisha likifunguliwa. Una wajibu wa kusaini bumu (pesa za mkopo za kujikimu) kwa wakati (wengine wanasafiri kwenda Pemba wiki ya kusaini halafu wanalaumu bodi), kutoa taarifa ukiahirisha masomo, na kulipa ukimaliza. HESLB wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa aliyeajiriwa, kwa hiyo lile bumu unalonunulia simu ya pili litakuja kukutafuta.

Dahalia ukipewa chumba, saini fomu ya vitu uliyovikuta, kitanda kimevunjika andika kimevunjika. Anaepanga nje, Tunguu au Fuoni au popote, atake mkataba wa maandishi na risiti ya kila kodi, na aende kujitambulisha kwa sheha. Watu wanaona usumbufu, mpaka siku mwenye nyumba anawatolea magodoro nje usiku, na sheha anasema hawa siwajui.

Ukihitaji kusimama kidogo

Ugonjwa, mimba, kufiwa na anaekulipia, una haki ya kuomba kuahirisha masomo. Neno kubwa ni kuomba. Anaeandika barua akaruhusiwa, nafasi yake inamsubiri. Anaepotea tu, mfumo unamhesabu ameacha, na akirudi mwakani anaambiwa aombe upya kama mgeni. Nshaona dada mmoja alijifungua wiki ya mitihani, mumewe akafikiri mambo ya barua ni ya ofisini yatajipanga yenyewe. Hayakujipanga. Barua unaweza kuandikiwa na mtu, ukasaini wewe kitandani, na mwenzako akaipeleka, hakuna kanuni inayotaka uipeleke kwa miguu yako.

Kusema

Una haki ya kuchagua na kuchaguliwa kwenye serikali ya wanafunzi, kuuliza michango yenu imetumika vipi, na kutoa maoni hata yasiyopendeza. Siasa za vyama vyuo vingi havitaki zifanyike ndani ya kampasi, ya nje ni yako wewe na kadi yako.

Ila grupu la WhatsApp sio ofisi. Mnajaza meseji mia tatu usiku, asubuhi hakuna hata barua moja, na kati ya hizo mia tatu kuna moja imemtukana lekchara kwa jina na mwenzenu kashamtumia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi mpaka humu, na kamati ya nidhamu skrinshoti inazipenda. Hasira zenu zipelekeni kwa mwakilishi aziandike aya mbili, watu wasaini, barua ipelekwe. Kugoma kabla ya hapo kunawapa uongozi sababu ya kuzungumzia mgomo wenu badala ya maji ambayo hayatoki dahalia.

Kliaransi

Mwaka wa mwisho anza mapema. Maktaba, maabara, dahalia, michezo, uhasibu, kila ofisi inasaini kwamba haikudai. Kitabu kimoja ulichomkopesha mtu mwaka wa pili kwa jina lako kinaweza kukuzuilia transikripti. Nenda na risiti zako zote za ada kwa mpangilio wa miaka, maana mfumo ukibadilishwa katikati ya masomo yako, malipo ya zamani ndio huwa hayaonekani. Transikripti ikitoka isome pale pale dirishani kabla hujaondoka: jina, tarehe ya kuzaliwa, kozi zote zimo, maksi zinalingana na matokeo ulioyahifadhi. Kukiwa na kosa waoneshe hapo hapo na uiache warekebishe, usikubali kuambiwa chukua hii kwanza utarudi.